Suti Moja kwa Malori Sita

Juzi mmoja wenu alituma picha kwenye kundi letu la simu, lile la madereva wa Garsen mlilonitia bila kuniuliza. Ilikuwa picha ya tairi ya mbele iliyochanika vipande vipande, na chini yake ameandika: "Barabara ya Hola imenimaliza." Wote mkamwandikia pole. Mimi nilivaa miwani, nikaivuta picha kwa vidole viwili kama mjukuu wangu alivyonifundisha, nikatazama zile waya zilizotokeza ubavuni. Zilikuwa na kutu. Waya haishiki kutu kwa siku moja, wanangu. Tairi ile ilianza kufa miezi mingi kabla haijakutana na shimo lolote, na aliyeikagua asubuhi ile aliona, au hakutazama.

Nilitaka kuwaambia hayo mle mle kwenye kundi, lakini vidole vyangu ni vizito na maneno yenyewe ni marefu. Kwa hiyo nimechukua daftari. Niliendesha malori miaka thelathini na minne, Malindi, Garsen, Hola, Garissa, Witu, mpaka Mombasa, na miaka ya mwisho nilikuwa dereva mkuu wa kampuni moja ambayo sitaitaja jina, maana ilishafungwa na marehemu hasemwi. Msitarajie nianze mwanzo nifike mwisho kwa mpango. Hata njiani sikuwa hivyo.

Aliyenitia kazini ni Mzee Bwanaheri wa Kipini. Alikuwa mfupi, akikalia mto wa kitanda ili aone mbele ya boneti, na mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Viwili vilichukuliwa na pete ya rimu, ile pete ya chuma inayoishika tairi, ilipochomoka wakati anatia upepo naye ameinamia gurudumu. Hakuona haya kuufundishia mkono ule. Akikukuta umesimama mbele ya tairi inayotiwa upepo alikuinulia vile vidole vitatu bila neno, nawe ukahama mbio. Mpaka leo nikipita karakana nikaona mtu ameinamia gurudumu, mwili hunisisimka.

Kila asubuhi kabla jua halijapanda, tairi zikiwa bado baridi, mzee alilizunguka lori na spana ya magurudumu akigonga tairi moja moja. Tairi nzima yenye upepo wa kutosha huirudisha spana mkononi na kulia ti. Tairi iliyochoka hulimeza lile pigo ikalia du, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo.

"Yasema nawe, Komora," aliniambia. "Wewe huskii?"

Sikusikia kitu. Nilidhani mzee ananifanyia mzaha. Ilinichukua karibu mwaka mzima, halafu siku moja masikio yakafunguka, na tangu hapo nikawa nasikia hata nikiwa naongea na mtu. Alikuwa na usemi wake mmoja ambao aliurudia mpaka ukatuchosha: "Tairi haipasuki, mwanangu. Tairi hupasuliwa." Alimaanisha kwamba nyuma ya kila tairi iliyolia kuna mtu, na mtu huyo si shimo.

Ya kwanza kunipasukia ilikuwa ya mbele, kaskazini ya Garsen, mzee mwenyewe akiwa ameketi kando yangu. Ilipolia, mguu wangu ulikwenda kwenye breki wenyewe. Hilo ndilo kosa la kila dereva mgeni, na sijui nani huwafundisha nyinyi leo, kwa hiyo nitalisema: ya mbele ikipasuka, usiguse breki. Shika usukani kwa mikono miwili, legeza mafuta kidogo kidogo, liache gari lichoke lenyewe. Mimi nilikanyaga. Lori likaacha barabara, likapenya kichaka cha mathenge, ile miti ya miiba, likasimama katikati ya mbuzi wa mzee mmoja wa Kisomali. Vumbi lilipotulia, yule mzee alikuja dirishani taratibu, akanitazama, akanyoosha fimbo.

"Waria," alisema, akiniita kwa Kisomali, "barabara iko kule."

Mzee Bwanaheri alicheka mpaka kofia ikamtoka. Kisha tukagundua kwamba hata tairi ya akiba haina upepo, tyubu imeoza. Dawa ya zamani ilikuwa kuijaza tairi majani makavu, ukayashindilia mpaka ikasimama, ukajikokota nayo hadi kwa fundi. Basi nikatumwa majani. Nilikata jua likinichoma, nikalundika pembeni mwa lori, nikaenda kutafuta jeki nyuma ya mzigo. Niliporudi mbuzi walikuwa wamemaliza lundo zima, na mwenyewe amesimama anawatazama kwa furaha. Aliniambia nimfikishie salamu bosi wangu, maana si kila siku mtu analetewa malisho na lori.

Nacheka sasa. Lakini tazameni jinsi tulivyozoea mapema. Tairi ya akiba imeoza, na hakuna kati yetu aliyeshangaa.

Kampuni ya mwisho niliyofanyia kazi ilikuwa na malori sita ya tairi kumi kumi. Wenyewe hawakuwa watu wabaya. Meneja alikuwa kijana mstaarabu, akija yadi ya Garsen alituuliza hali za watoto kwa majina yao. Ukimwomba tairi alikwambia andika barua. Nimeandika barua, wanangu, mpaka mwandiko wangu ukawa mzuri. Mafuta yalikuja kila siku, kwa sababu bila mafuta gari halisogei. Kwa tairi mbovu gari linasogea, na kwao hiyo ilitosha. Tulipewa zile za kubandikwa mpira mpya juu ya mzoga wa zamani, tunazoziita ritredi, na ambazo mahali pake ni nyuma, wala si mbele kamwe. Sisi tuliziweka mbele.

Sasa niwaeleze jambo ambalo sijui kama nyinyi bado mnalifanya. Naomba Mungu msiwe mnalifanya. Katika yadi nzima tulikuwa na tairi nzuri kumi. Kumi tu, kwa malori sita. Tuliziita suti ya harusi, kwa sababu kila mtaa una ile suti moja wanayooa nayo vijana sita kwa zamu. Siku ya ukaguzi lori lilivishwa suti, likaenda, likakaguliwa, likapata karatasi yake, likarudi kuvuliwa ili avishwe mwenzake. Wakaguzi waliona tairi nzuri wakaandika tairi nzuri, kosa halikuwa lao. Mvishaji nilikuwa mimi. Niliweza kulivua na kulivisha lori zima kabla ya chai ya saa nne, na madereva wa kampuni nyingine walikuja kunitazama nikifanya. Nilijivuna sana. Huo ndio ukweli wenyewe: kazi ya aibu niliifanya kwa ustadi, na ustadi ukanisahaulisha aibu.

Ukaguzi ukipita, suti iligawanywa, na mgawaji nilikuwa mimi vilevile. Tulikuwa na sheria yetu ya yadi: anayekwenda mbali ndiye anayevaa. Ilikuwa sheria nzuri na hakuna aliyewahi kuipinga. Kwa bahati, dereva mkuu ndiye aliyekuwa akienda mbali mara nyingi.

Katika yadi ile nilimpenda mtu mmoja kuliko wengine, naye ni Godana. Mnamjua. Ni Muorma wa hapa hapa Garsen, mdogo wangu kwa miaka kumi na tano. Mimi ni Mpokomo, na yaliyowahi kupita kati ya wakulima na wafugaji wa mto huu mmesimuliwa na wazazi wenu, sina haja ya kuyachimbua. Ndani ya yadi tulikula sahani moja. Ng'ombe wakilala barabarani sisi wengine tulipiga honi mpaka tukachoka. Godana aliteremka, akawaambia maneno mawili matatu, wakainuka. Nilimfundisha yote niliyofundishwa na Mzee Bwanaheri, ila kugonga tairi hakukuweza. Masikio yake hayakufunguka. Kwa hiyo kila asubuhi aliniambia nimgongee, nami nikamgongea.

Mkewe, Hawa, alikuwa akiuza maziwa pale stendi ya Garsen. Maziwa yake hayakuwa na maji, na maneno yake pia hayakuwa na maji. Alikuwa akiniita shemeji, na siku nikikosa kununua alinitangaza stendi nzima.

Asubuhi ninayotaka kuwaambia ilikuwa mwisho wa mvua. Godana alipangiwa kuchukua mchele kutoka mashamba ya delta aupeleke Kinakomba. Mimi nilikuwa nimepangiwa Mombasa, na tairi mbili za suti zilikuwa mbele ya lori langu. Godana alinijia nikiwa napiga mswaki.

"Mzee Komora, leo nipe moja ya suti. Moja tu, ya kushoto. Hii yangu siipendi."

"Huipendi nini?"

"Sijui. Usukani inavuta. Na leo Hawa anakuja na mimi, anaenda kuona mama yake."

Nikamwambia anayekwenda mbali ndiye anayevaa. Akaitikia kwa kichwa, sheria aliijua.

"Basi gonga wewe," alisema. "Wewe ukisema iko sawa, mimi naenda."

Nilichukua spana nikaenda. Ilikuwa ritredi. Niliinama nikapapasa ubavu wa ndani, ule asiouona mtu akiwa amesimama, nikakuta uvimbe mkubwa kama yai la kuku. Nikagonga. Du. Nikagonga tena, kama vile kugonga mara ya pili kungebadili jibu. Du. Kubadilisha tairi ile na yangu kungenichukua nusu saa, lakini mimi nilikuwa na safari ya Mombasa na lami ndefu, na nilikuwa dereva mkuu, na nilizipenda tairi zile mbili kama mtu apendavyo viatu vipya.

"Iko sawa," nilimwambia. "Kinakomba ni hapa tu."

Akanishukuru, akapanda.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wale ambao hawajawahi kuingia delta wakati wa mvua. Ule udongo mweusi haupitiki kwa tairi iliyojaa. Unapunguza upepo ili tairi itandaze mguu, unapita, unapakia, unatoka. Ukishafika lami pale Minjila, kabla ya kitu kingine chochote, unasimama kwenye kompresa ukarudisha upepo wote, kwa sababu tairi legevu kwenye lami yenye jua hujipika yenyewe. Madereva wa nchi nyingine hawalijui kosa hili. Hili ni letu, la watu wa matope na lami kwa siku moja. Siku ile pale Minjila foleni ilikuwa ndefu. Godana alijaza za nyuma zote, kisha za mbele akazitia kidogo akasema ataongeza mbele ya safari. Akamchukua Hawa, aliyekuwa akimngoja pale pale, wakaondoka.

Walikuwa wameipita Ndera ilipolia. Godana hakugusa breki. Nawaambia hilo kwa sababu yapo maneno yaliyosemwa baadaye. Alishika kwa mikono miwili, akalegeza mafuta, akafanya kila kitu kama inavyotakiwa, na pengine lori lingesimama salama, ila upande wa kushoto kulikuwa na kalvati, ule ukuta wa daraja la mtaro, lori likaugonga. Mlango wa Hawa uliingia ndani. Mguu wake ulibanwa kuanzia gotini.

Wakulima wa pale waliacha mashamba yao wakaja na mapanga na mitaimbo wakamtoa. Nilifika na lori la mwenzetu mmoja, Hawa akiwa ameshapelekwa hospitali. Niliiona ile tairi kabla sijateremka. Ilikuwa imefunguka palepale kwenye yai. Godana alikuwa ameketi juu ya gunia la mchele.

"Sikutia upepo ya kutosha, Mzee," alisema. "Foleni ilikuwa ndefu. Mimi ndiye nimefanya hii."

Sasa nisikilizeni. Tairi nzima yenye nusu ya upepo ingefika Kinakomba na kurudi. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Nilipaswa kumwambia hapo hapo, juu ya lile gunia, kwamba si yeye. Nilimwambia, "Pole, Godana."

Wiki ile meneja alikuja na karatasi. Ilisema tairi zote za lori lile zilikuwa katika hali nzuri lilipotoka yadi, na chini palikuwa na nafasi ya sahihi ya dereva mkuu. Hakunitisha wala hakunibembeleza. Aliniuliza hali ya Hawa, akasikitika kweli, akanipa kalamu. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Niliweka sahihi yangu, kwa ule mwandiko mzuri wa barua za kuomba tairi. Godana alifukuzwa kwa uzembe, wala hakubisha, kwa sababu aliamini ni kweli.

Hawa hakukatwa mguu, tunamshukuru Mungu, lakini goti halikukunja tena. Akawa anatembea na fimbo, na stendi ikawa mbali. Majirani walimpelekea maziwa yake kuuza, wakarudi na nusu yake haijauzwa, maana wao hawakuwa na mdomo wake. Nilikwenda kuwaona kila wiki mbili tatu na sukari na unga. Sasa najua nilikuwa nafanya nini: nilikuwa naweka viraka. Kila nikienda Hawa alinishukuru. "Wenzako wote wametupa mgongo, shemeji. Wewe peke yako hukutuacha." Unga ule niliubeba mgongoni kwa urahisi. Shukrani zile ndizo zilizonivunja.

Siku moja nilimkuta peke yake, akanieleza jambo. Alisema pale Minjila ni yeye aliyemhimiza Godana. Mama yake alikuwa akipiga simu kila dakika, naye akamwambia mumewe, twende, utatia mbele ya safari.

"Na yeye hajawahi kumwambia mtu," alisema. "Hata mimi hajaniambia. Amebeba yote peke yake. Nikimtazama naona aibu, na yeye akitazama mguu wangu anaona aibu. Tunakaa nyumba moja, shemeji, lakini hatuzungumzi. Anauliza chumvi iko wapi, namwambia. Basi."

Nililisikia hilo nikarudi nyumbani nikala chakula changu. Sijui nilikuwa mtu wa namna gani.

Nikastaafu. Kampuni ikanipa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Miezi michache baadaye mama mmoja wa hapa Garsen mwenye malori mawili, mama makini anayebadilisha tairi kabla hujamwomba, aliniuliza kama namjua dereva mzuri, mtulivu, asiyekimbia. Nikasema namjua aliye bora kuliko wote. Nilikwenda kwa Godana mchana ule ule, nimejaa furaha, nikiwaza kwamba hatimaye nimepata dawa isiyohitaji mimi kufungua mdomo.

Walikuwa wameketi barazani, Hawa akimimina chai. Nilieleza. Godana alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu yake.

"Hapana, Mzee," alisema. "Mtu amevunja mguu ya bibi yake kwa uvivu ya kutia upepo, huyo si dereva. Leseni nitairudisha. Nilikuwa nangoja tu nipate nguvu ya kwenda."

Hawa alimwaga chai nje ya kikombe.

Nami niliweka kikombe changu chini nikasema. Sikupanga maneno. Niliwaambia juu ya uvimbe ule kama yai, na du ya kwanza, na du ya pili, na nilivyomwambia iko sawa. Niliwaambia juu ya karatasi. Niliwaambia kwamba upepo haukuwa kitu, kwamba tairi ile ingepasuka siku ile au siku ya pili yake hata kama angeijaza hadi juu, na kwamba nilijua hivyo kabla hajawasha injini. Nilitazama mkeka wakati wote.

Hawa ndiye aliyeuliza.

"Shemeji, ile tairi nzuri uliyobaki nayo. Siku ile ilikupeleka wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilikuwa nimejiandaa hata kwa fimbo yake, nayo ilikuwa karibu. Kwa swali lile sikuwa nimejiandaa. Ningeweza kujibu Mombasa, nani angejua? Lakini nilikuwa nimechoka.

"Haikunipeleka popote," nilisema.

Nikawaambia. Siku ile, nikiwa bado yadini nangoja mzigo, nilipigiwa simu kwamba hauko tayari, safari ya Mombasa imeahirishwa hadi keshokutwa. Nilipigiwa simu hiyo Godana akiwa bado kwenye foleni ya kompresa pale Minjila, mahali ambapo kutoka yadi ni mwendo mfupi tu wa pikipiki. Tairi zangu mbili zilishinda zimesimama juani yadini.

Godana aliinua kichwa.

"Namba yangu ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana. Alinigeuzia bega, akamtazama mkewe, kwanza usoni, halafu ule mguu, akautazama bila kukwepesha macho.

"Hawa," alisema, "basi haikuwa wewe."

"Wala wewe," alisema Hawa, na machozi yakamtoka.

Hakuna aliyenifukuza. Niliinuka mwenyewe nikavaa viatu vyangu. Nilipofika kwenye ua niliwasikia wameanza kuzungumza, wote wawili kwa pamoja, Kiorma, haraka haraka, wakikatizana. Nakielewa Kiorma kiasi, lakini sikusimama.

Siku ya tatu Godana alikwenda kwa yule mama akachukua funguo. Mnamwona barabarani, lile lori la buluu, na siku nyingine Hawa yuko kando yake na maziwa yake ya kupeleka Hola. Nyumba yangu iko kando ya barabara na madereva wote husimama kunisalimia, ila yeye. Mmeniuliza mara nyingi ni kwa nini Godana hupita kwangu bila hata kugeuza kichwa, na baadhi yenu mkanong'ona kwamba ni yale mambo ya zamani ya Mpokomo na Muorma. Hapana. Mtu aliniomba tairi, nami nilikuwa nayo.